Tangu Nyundo ya Mhunzi hata Nyundo ya Nuru

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kama wangaliishi kuiona reli, injini na eropleni, wangaliona kwamba methali yao yafaa chuma kuliko inavyofaa udongo. Ukuta ukianguka, mwenye nyumba huweza kuujenga tena. Lakini ekseli ya gari la moshi ikikatika njiani, au panga la injini likivunjika ndege ikiwa angani, nafasi ya kujenga tena haipo. Katika insha hii nataka tufuatane, msomaji, tuone jinsi wanadamu walivyogundua kwamba chuma nacho huchoka, jinsi walivyolipia ujinga wao kwa roho za watu, na jinsi walivyopata dawa katika kazi ambayo mhunzi wa kale aliijua tayari, yaani kupiga.

Chukua kipande cha waya. Ukikunja mara moja, hakikatiki. Ukikunja na kukunjua mara nyingi mahali pale pale, kitakatika, ingawa nguvu ya mkono wako haikuongezeka hata kidogo. Kila mtoto amelifanya jambo hili, lakini ilichukua muda mrefu kabla ya wataalamu kulielewa. Walidhani ya kuwa chuma kinachoweza kubeba mzigo leo kitaweza kuubeba kesho na mtondo, maadamu hakikuliwa na kutu. Wala hawakujua ya kwamba mkunjo mdogo mno, usioonekana kwa macho, waweza kukitenda chuma kama mkono wako unavyoutenda waya, mradi urudiwe mara elfu nyingi.

Somo la kwanza lilikuja kwa msiba. Tarehe 8 Mei 1842 watu wengi walikuwa wamekwenda Versailles, karibu na Paris, kwa sherehe za mfalme Louis-Philippe. Jioni walipanda gari la moshi kurudi mjini. Walipofika Meudon, ekseli ya injini iliyotangulia, yaani ule mtaimbo unaounganisha magurudumu mawili, ilikatika ghafula. Injini ikaanguka, mabehewa yakapandana juu yake, na moto ukashika. Siku zile ilikuwa desturi kuwafungia abiria milango kwa ufunguo, na kwa hiyo wengi hawakuweza kutoka. Watu zaidi ya hamsini walikufa, miongoni mwao Jules Dumont d'Urville, baharia mashuhuri aliyekuwa amezunguka dunia na kufika karibu na ncha ya kusini. Mtu aliyeziponyoka barafu za kusini aliuawa na mtaimbo uliochoka, safari ya muda mfupi tu kutoka nyumbani kwake.

Watu wakauliza: je, chuma kile kilikuwa kibovu tangu mwanzo? Wengi walijibu kwamba mtikiso wa safari hukigeuza chuma ndani, kikawa kama chumvi ya mawe, kisha kikavunjika. Kijana mmoja wa Uskoti, William Rankine, aliyezaliwa mwaka 1820, hakuridhika na jibu hilo. Alizichunguza ekseli zilizokatika, na mwaka 1843 akaeleza mbele ya wahandisi wa Uingereza kwamba kukatika kule hakutokei mara moja. Huanzia nje, hasa penye pembe ambapo unene wa mtaimbo hubadilika, kisha ufa huingia ndani pole pole, siku baada ya siku, hata chuma kilichobaki kizima kikawa hakitoshi kuubeba mzigo. Huko Ufaransa, Jean-Victor Poncelet alikuwa amekwisha kuutumia msemo unaotumika mpaka leo, kwamba metali huchoka.

Aliyeligeuza wazo hilo kuwa hesabu alikuwa mhandisi wa reli wa Prussia, August Wöhler. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1850 hata 1870, alizungusha ekseli katika mashine alizozitengeneza mwenyewe, akihesabu mizunguko mpaka zikatike. Aliona kwamba mzigo ambao ekseli hauhisi ukiwekwa mara moja huweza kuikata ukirudiwa mara nyingi za kutosha. Tena kwamba mzigo ukipunguzwa, umri wa ekseli huongezeka. Haba na haba hujaza kibaba, nasi twazoea kuitumia methali hiyo kwa jambo jema. Wöhler alionyesha kwamba hata maangamizi hujaza kibaba chake kwa haba na haba.

Huenda ukadhani kwamba baada ya maarifa hayo kuandikwa vitabuni, msiba kama ule haungerudi. Ulirudi, nao ulipitia karibu na kwetu. Tarehe 2 Mei 1952 ndege iitwayo Comet, ya kampuni ya Waingereza ya BOAC, iliondoka London kwenda Johannesburg ikiwa na abiria. Hiyo ndiyo safari ya kwanza ya kawaida ya abiria kufanywa na ndege ya jeti duniani. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Basi watu wa Uganda walikuwa miongoni mwa wa kwanza ulimwenguni kuiona ndege ya namna hiyo ikitua uwanjani kwao kwa safari ya kawaida.

Ndege ile ile iliyofungua safari hizo ilivunjika angani tarehe 10 Januari 1954 karibu na kisiwa cha Elba, nchini Italia, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Comet zote zikazuiwa kuruka. Wahandisi wakarekebisha kila kitu walichokishuku, lakini kisa chenyewe hawakukijua. Hata hivyo tarehe 23 Machi mwaka ule ule safari zikaanzishwa tena. Siku kumi na sita tu zikapita. Tarehe 8 Aprili 1954 Comet nyingine, iliyokuwa imetoka Rome kwenda Cairo na hatimaye Johannesburg, ikaanguka baharini karibu na Naples, watu 21 wakafa. Msomaji, lifikiri vema jambo hili. Ile ndege ya pili isingeruka siku ile kama wakubwa wangalikuwa na subira ya kungoja mpaka kisa kijulikane.

Hapo ndipo wataalamu wa Farnborough, Uingereza, wakaitia Comet nzima ndani ya tangi kubwa la maji, wakaijaza maji na kuyasukuma, kisha wakaupunguza msukumo, tena na tena, ili kuiga jinsi mwili wa ndege unavyotunishwa na hewa ya ndani kila iendapo juu na kulegea kila ishukapo. Ilipotimiza safari 3,057, za kweli na za kuigiza zikihesabiwa pamoja, mwili wa ndege ukapasuka. Ufa ulikuwa umeanza penye pembe ya tundu. Ndiyo hadithi ya Rankine, miaka mia moja na zaidi baadaye: ufa mdogo, mahali pa pembe, ukikua kimya kimya mpaka siku yake ikatimia.

Sasa tutazame dawa. Umeona kwamba ufa karibu kila mara huanzia nje, kwenye uso wa chuma. Na ufa ni nini ila ni mahali palipovutwa hata pakaachana? Kwa hiyo, kama uso wa chuma ungeweza kubanwa usivutike, ufa usingepata mlango wa kuingilia. Je, uso wa chuma waweza kubanwaje, na kubaki umebanwa siku zote?

Fikiri benchi la darasani lililotengenezwa kwa wanafunzi watano. Ukiwaingiza sita kwa nguvu, kila mmoja atambana mwenzake bega kwa bega, wala hutaona nafasi hata ya kupitisha kidole. Mhunzi anapokipiga chuma baridi kwa nyundo, huufanyia uso wake jambo hilo hilo. Pale nyundo inapoangukia, tabaka la juu hutaka kutanuka kwenda pembeni. Lakini tabaka la chini, ambalo halikupigwa, halitanuki, nalo hulishika lile la juu na kulizuia. Basi tabaka la juu hubaki limesongamana kama wale wanafunzi sita. Hata watu wa zama za shaba walijua kwamba makali ya chombo hugeuka magumu yakipigwa yakiwa baridi. Hawakujua sababu, lakini mikono yao ilijua.

Katika karne ya ishirini, viwanda vya motokaa viliirudia kazi hiyo kwa namna mpya. Badala ya nyundo moja, walirusha gololi ndogo ndogo za chuma, maelfu kwa maelfu, zikaupiga uso wa springi na ekseli kama mvua ya mawe. Huko Marekani, katika kampuni ya General Motors, mhandisi John Almen alitaka kujua mvua hiyo ina nguvu kiasi gani. Akatwaa ubapa mwembamba wa chuma cha pua, akaufunga imara, akaupiga kwa gololi upande mmoja tu, kisha akaufungua. Ubapa ukapinda kama upinde! Upande uliopigwa ulikuwa ukitaka kutanuka, na ule mwingine haukutaka. Almen akaupima mpindo huo, nao ukawa kipimo cha nguvu ya mapigo. Ubapa wa Almen hutumika viwandani hata leo. Lishike jambo hili moyoni, kwa maana tutalirudia: chembamba kilichopigwa upande mmoja hupinda.

Gololi zilifanya kazi njema sana, lakini zilikuwa na mpaka wao. Tabaka lililobanwa kwa gololi kwa kawaida huwa jembamba, kama robo ya milimita hivi. Jiwe dogo likiingia katika injini ya ndege na kulitoboa tabaka hilo, ulinzi wote hutoweka pale pale. Ilihitajiwa nyundo ipigayo ndani zaidi bila kuuchakaza uso wa chuma. Nyundo hiyo ilipatikana mahali ambapo hakuna mhunzi angaliitafuta.

Tarehe 16 Mei 1960, huko Malibu, California, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani kwa kutumia kijiti cha yakuti nyekundu. Haikupita miaka mingi kabla ya wanasayansi kuona kwamba nuru kali ya leza, ikiuangukia uso wa kitu kwa muda mfupi mno, huupiga pigo. Wenye kuligeuza jambo hilo kuwa ufundi walikuwa watafiti wa taasisi ya Battelle katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, tangu mwisho wa miaka ya 1960.

Namna yake ni hii. Chuma hupakwa rangi nyeusi au hubandikwa utepe mweusi, na juu yake hupitishwa utando mwembamba wa maji safi. Leza humulika kwa muda wa sehemu kama 20 tu za sekunde iliyogawanywa mara 1,000,000,000. Nuru hupita katika maji bila kuyadhuru, huikuta rangi, nayo rangi hugeuka mara moja kuwa gesi ya moto mkali iitwayo plazma. Gesi hiyo hutaka kulipuka kwenda nje, lakini maji huizuia kidogo. Muda ule mdogo watosha: gesi iliyozuiliwa huusukuma uso wa chuma kwa nguvu ipitayo nguvu ya hewa ituzungukayo mara makumi elfu. Wimbi la msukumo huingia ndani ya chuma na kukifua. Angalia vema kwamba si joto lifanyalo kazi, kwa kuwa joto huishia katika rangi. Ni pigo, kama lile la mhunzi, ila ni pigo la nuru, nalo huweza kulibana tabaka lenye kina cha milimita moja na hata zaidi.

Elimu ilikuwapo, lakini chombo hakikuwapo. Leza ya Battelle ilikuwa kubwa kama chumba, na baada ya pigo moja ilibidi kungoja dakika kadhaa kabla ya kupiga tena. Kiwanda hakiwezi kungoja hivyo. Katika miaka ya 1980 kazi ilipungua sana huko Marekani, ijapokuwa wanafizikia wa Ufaransa, kama vile Robert Fabbro, waliendelea kueleza kwa hesabu jinsi gesi iliyozuiliwa inavyosukuma. Ndivyo ilivyo historia ya uvumbuzi mwingi: wazo hukaa mlangoni miaka ishirini likingoja haja iliyo kubwa ya kulifungulia.

Haja hiyo ilikuja katika miaka ya 1990. Ndege za vita za Marekani ziitwazo B-1B, zenye injini nne kila moja, zilisumbuliwa na mawe, barafu na vitu vingine vilivyovutwa ndani ya injini. Vitu hivyo viliyachuna mapanga ya feni yaliyotengenezwa kwa titani. Mchuno ulio mdogo kama ukwaruzo wa ukucha uliweza kuwa mwanzo wa ufa, na ufa kuwa mwanzo wa maangamizi. Basi mafundi waliamriwa kuyakagua mapanga kabla ya safari, moja moja, wakiyapitishia pamba ukingoni ili nyuzi zinase penye mchuno wowote. Wengine walivaa glavu za pamba, na wengine walitumia hata uzi wa kusafishia meno. Waza: ndege yenye thamani kubwa namna ile, na uhai wake unategemea unyuzi wa pamba!

Kampuni ya General Electric, iliyotengeneza injini hizo, ilijaribu kila njia ijulikanayo ya kuimarisha mapanga. Yale yaliyofuliwa kwa leza, hata yalipotiwa pengo kwa makusudi, yaliweza kustahimili kama mapanga mazima ambayo hayakufuliwa. Jibu lilikuwa wazi. Katika mwaka 1995 kampuni ndogo iitwayo LSP Technologies ikaanzishwa huko Ohio ili kujenga leza zifaazo viwanda, na mwaka 1997 mapanga ya injini hizo yakaanza kufuliwa kwa leza kiwandani.

Lakini hapa ndipo fumbo la Almen liliporudi. Ukingo wa panga ni mwembamba, pengine milimita moja au mbili tu. Ukiupiga upande mmoja kwa nguvu nyingi, utapinda kama ule ubapa, na panga lililopinda haligawi hewa sawasawa. Tena kuna hatari ya pili. Wimbi la msukumo lifikapo upande wa nyuma, ambako hakuna kitu cha kulipokea ila hewa, hugeuka na kurudi likiwa wimbi la kuvuta. Wimbi hilo likiwa na nguvu mno laweza kubandua kigae cha chuma kutoka nyuma. Hivyo dawa ingeligeuka kuwa ugonjwa.

Mhunzi alijua siku zote kwamba nyundo haifanyi kazi peke yake. Chini ya chuma kuna fuawe, na fuawe hurudisha pigo. Wahandisi nao wakaliwekea panga fuawe, ila fuawe yao ilikuwa pigo jingine la nuru. Wakalipiga panga pande zote mbili kwa pamoja, kwa miali miwili yenye nguvu sawa. Upande wa kulia ukitaka kulipinda kwenda kushoto, upande wa kushoto hulipinda kwenda kulia, na panga hubaki limenyoka, kama mlango usukumwao na watu wawili wenye nguvu sawa kutoka ndani na nje. Uso wa huku umebanwa, na uso wa huko umebanwa pia. Penye ukingo mwembamba, chuma chote huweza kubanwa kutoka uso mpaka uso, na ufa usione pa kuanzia.

Kufanya mapigo mawili yafike pamoja si kazi nyepesi. Katika sehemu moja ya zile sehemu 1,000,000,000 za sekunde, nuru husafiri sentimita 30 hivi. Kwa hiyo njia ya mwali mmoja ikiwa ndefu kuliko ya mwenzake kwa kadiri ya rula yako ya shule, pigo moja litachelewa kwa kiasi hicho. Tena mawimbi mawili yakikutana katikati ya chuma huongezana nguvu, na nguvu hiyo ikizidi yaweza kuleta madhara mapya. Ndiyo maana wahandisi wengine walihamisha kidogo mahali pa pigo la upande mmoja, ili mapigo yasikabiliane moja kwa moja. Wala deni la chuma halifutiki: kadiri nyuso zinavyobanwa, ndivyo sehemu nyingine ya panga inavyovutwa kidogo ili kusawazisha. Ustadi ni kulipeleka deni hilo ndani, mbali na ukingo, mahali ambapo mawe hayafiki.

Tangu hapo ufundi huu umeenea. Huko Japani, tangu mwaka 1999, leza zimetumika chini ya maji kuimarisha sehemu za ndani za mitambo ya umeme wa nyuklia. Mapanga ya injini za ndege za abiria pia hufuliwa hivyo. Siku utakapopanda ndege, huenda uhai wako utategemea mapigo ambayo hakuna aliyeyasikia.

Msomaji, usiichukue historia hii kuwa ni habari za mashine tu. Rankine alikuwa kijana alipokataa jibu ambalo wakubwa wake walilizoea. Wöhler alihesabu mizunguko kwa miaka mingi bila haraka. Walioirudisha Comet angani walikuwa watu wenye elimu, lakini walifanya haraka, na watu 21 wakailipia haraka yao. Siku moja nawe utakabidhiwa kazi ambayo uhai wa wengine utaitegemea, iwe ni kukaza breki za basi, kujenga daraja au kupima dawa. Siku hiyo utaona ufa mdogo, na mtu atakuambia kwamba si kitu, safari haiwezi kungoja. Wakumbuke wale mafundi waliopitisha pamba ukingoni mwa kila panga, wala usikubali safari ianze mpaka ujue ufa ule umetoka wapi.